Taa za tangi la maji ya chumvi: jibu kwa Baba Pacha wa Donholm

Swali:

"Habari za siku, mwalimu. Nina tangi la maji ya chumvi la futi nne, sentimita 120 kwa 45, na kina cha 50. Liko sebuleni, Donholm. Ndani mna samaki wanne na mawe. Mwenzangu mmoja alinigawia vipande vya matumbawe laini, vile vya ngozi na vile vya uyoga. Huu ni mwezi wa tatu, vimerefuka shingo kama maharagwe yaliyoota chini ya gunia, na rangi imekuwa kahawia tupu. Taa zangu ni tyubu mbili za kawaida za futi nne, huwaka saa kumi na mbili kwa siku. Fundi wa stima anasema nifunge taa mbili za sekyuriti za wati 50, zile za kumulika geti. Rafiki yangu anauza halaidi ya wati 250 kwa bei ya kutupa. Na kuna yale maboksi meusi ya LED kutoka China. Nina shilingi elfu kumi na tano. Mama Pacha amesema tokeni zikipanda, samaki watahama. Nifanyeje?"

Jibu:

Baba Pacha, uliposema maharagwe chini ya gunia ulikuwa umeshajijibu nusu. Matumbawe yako yana njaa. Ndani ya nyama ya tumbawe huishi mwani wa seli moja, mwingi usiohesabika, na kazi yake ni ile ile ya jani la sukuma wiki: kushika mwanga na kutengeneza sukari. Tumbawe hula sehemu kubwa ya sukari hiyo. Mwanga ukiwa haba, tumbawe hurefuka kuufuata, na mwani nao hujiongezea rangi ya kunasia kile kidogo kinachofika. Hiyo ndiyo kahawia unayoiona. Usivitupe. Matumbawe ya ngozi na ya uyoga yana roho ngumu, na mwaka huu huu yatakunjuka.

Samaki hawamo katika hesabu hii. Ungekuwa na samaki na mawe peke yake ningekuambia ununue tyubu mbili za LED za wati 18 kwenye hardware ya mtaani, barua ikaishia hapo.

Kabla ya taa zenyewe, kuna maandishi mawili ya kwenye boksi yanayowapotosha wengi dukani. La kwanza ni lumeni. Lumeni hupima mwanga kwa jicho la binadamu, na jicho letu huona zaidi kijani, pale kwenye nanomita 555. Mwani wa matumbawe hutumia mwanga wa kati ya nanomita 400 na 700, lakini karamu yake iko kwenye buluu, takriban 420 hadi 480. Sababu ni bahari yenyewe: maji humeza nyekundu kwanza. Aliyewahi kuzamia Kisite anajua kwamba kitambaa chekundu kikishuka mita kumi na kitu huonekana kimefifia kuwa kijivu. Matumbawe yamezoea kuishi kwa kinachobaki. Kwa hiyo taa ya buluu inayoyalisha vizuri inaweza kuwa na lumeni za kukuchekesha, na muuzaji akikuambia "hii ina lumeni nyingi", mshukuru tu uendelee kutazama.

La pili ni wati. Wati ni stima inayoingia; mwanga unaotoka ni jambo jingine. Na hata hiyo inayoingia si lazima iwe ile iliyoandikwa. Niliwahi kununua taa ya geti iliyoandikwa 100 katika duka moja la mjini. Nyumbani nikaichomeka kwenye kipima wati, ikasoma 38. Niliporudi nayo, kijana wa kaunta alinieleza kwa upole kwamba hiyo 100 ni "nguvu ya mwanga". Tangu siku hiyo kipima wati, kile kidogo cha kuchomeka kwenye soketi, hutangulia mfukoni kabla ya pesa. Na wewe nunua kimoja. Kitakuokoa dukani, na kitakutetea mbele ya Mama Pacha.

Kipimo kinachostahili ni kile wafugaji wa matumbawe wanachokiita PAR: mwanga unaoweza kuliwa, unaohesabiwa kwa maikromoli kwa mita ya mraba kila sekunde. Jua la saa sita mchana hapa Nairobi, kukiwa hakuna wingu, hufika karibu 2,000. Matumbawe laini kama yako hutosheka na 50 hadi 150. Yale ya mawe yenye matawi membamba, jamii ya Acropora, hutaka 200 hadi 350 au zaidi. Unaona basi kwamba unachokihitaji hakifiki hata sehemu ya kumi ya jua la nje. Wengi hununua taa ya Acropora kwa ajili ya uyoga, kisha wanashangaa uyoga unajikunja na mawe yanaota nywele za kijani.

Nianze na halaidi ya rafiki yako, ile taa ya balbu moja kali yenye gesi ndani, kwa sababu ndiyo itakayokushawishi kwa bei. Ni taa nzuri. Mwanga wake huchezacheza sakafuni mwa tangi kama jua la ufukweni, na kwa miaka mingi ndiyo iliyokuza matumbawe magumu majumbani. Lakini bei ya taa utailipa mara mbili: mara moja kwa rafiki, na kila wiki kwenye tokeni. Wati 250 pamoja na choki yake, kile kifaa kinachodhibiti stima ya balbu, ni kama 275. Iwashe saa nane kwa siku, ni uniti 2.2, kwa mwezi, uniti 66. Ukiweka uniti moja kwa shilingi 30 ili hesabu iwe rahisi, hiyo ni 1,980. Tyubu zako za sasa, kila moja wati 36 na choki ya zamani, zinavuta kama 90 zote mbili. Kwa saa kumi na mbili ni uniti 32 na ushei kwa mwezi, yaani shilingi 970 hivi. Umeongeza mara mbili. Na kuna mtego juu yake: tangu 2023 bei ya stima ya nyumbani imepangwa kwa madaraja, wasiozidi uniti 30 kwa mwezi, wa 31 hadi 100, na wanaopita 100. Nyumba yenu ikiwa inatumia 80, halaidi itaisukuma kwenye daraja la juu, na hapo hata stima ya friji na pasi itakuwa ghali zaidi. Mama Pacha atakuwa na haki yake. Zaidi ya hayo, balbu ya halaidi hubadilika rangi ikizeeka na huhitaji nyingine baada ya mwaka mmoja hivi.

Taa za geti za fundi wako nitazizungumzia kwa kirefu, kwa sababu watu huzicheka bila kuzijaribu. Fundi hajakudanganya. LED nyeupe ya kawaida ni LED ya buluu iliyopakwa unga wa njano juu, na sehemu ya ile buluu hupenya. Ukichagua yenye mwanga wa baridi, kelvini 6,500, matumbawe ya ngozi na uyoga yatakua. Mwanga wake hutawanyika kwa upana, hivyo mbili zitafunika futi nne zako bila kuacha pembe zenye giza. Nyingi zimezibwa kwa kiwango cha IP65, maana yake vumbi na maji ya kurushiwa hayaingii. Juu ya maji ya chumvi hiyo ni sifa ambayo taa kadhaa za bei kubwa hazina. Na zikivuta kweli wati 50 kila moja, kwa saa tisa kwa siku ni uniti 27 kwa mwezi, chini ya unazotumia leo.

Kasoro zake ni tatu, na moja si ya mzaha. Rangi: tangi litaonekana la njano-njano kama kibanda cha chipsi, na matumbawe hayatang'aa ile kijani ya umeme inayotufanya tuingie kwenye ugonjwa huu. Unaweza kuweka moja nyeupe na moja ya buluu, lakini iwe ya buluu tupu. Zile za rimoti zinazobadilisha rangi ni za sherehe. Pili, nyingi haziwezi kupunguzwa mwanga, kwa hiyo kidhibiti chako ni kamba: unaipandisha juu au kuishusha. Ya tatu ndiyo ya hatari. Taa nyingi za bei ya chini siku hizi hazina kifaa cha kushusha stima ndani; volti 240 zinafika moja kwa moja kwenye kibao cha LED kilichokaa juu ya bati la taa. Waya wa athi, ule wa kupeleka stima iliyovuja ardhini, usipounganishwa, na chumvi ikipata njia, bati lote linaweza kuwa na stima, na wewe mkono uko majini. Ukichagua njia hii, mwambie fundi akuonyeshe waya wa kijani na njano umefungwa wapi. Akisema "hiyo si lazima", tafuta fundi mwingine.

Boksi jeusi ndilo ningelinunua mimi. Lile la kawaida huandikwa wati 165 kwa kuwa lina LED 55 za wati tatu tatu, lakini huziendesha polepole na huvuta karibu 120 kwa nguvu zote. Hilo silo la kulalamikia. LED isiyokamuliwa huishi zaidi. Thamani yake iko kwenye vitufe viwili vya kuzungusha: kimoja cha buluu, kingine cha nyeupe. Unaipa buluu nusu, nyeupe unaiacha chini, sehemu ya tano hivi, na matumbawe yanakula huku macho yako yakiona rangi. Udhaifu wake ni lenzi. Zinakusanya mwanga katikati, kwa hiyo boksi moja hulisha vizuri eneo la kama sentimita 60 kwa 60, likiwa limening'inia sentimita 30 hadi 40 juu ya maji. Pembeni mwanga hushuka haraka. Tangi lako lina 120. Hesabu inasema mawili.

Hapo ndipo utaniambia elfu kumi na tano haitoshi mawili. Huenda, bei zenyewe hupanda na kushuka na dola. Lakini nani alisema matumbawe yakae tangi zima? Nunua moja. Litundike juu ya nusu ya kulia, hamishia vipande vyako vyote upande huo, na upande wa kushoto uwe wa samaki chini ya tyubu moja ya LED ya wati 18. Itapendeza pia: mwambao upande mmoja, kivuli upande mwingine, na samaki huchagua. Boksi la pili litakuja siku matumbawe yenyewe yatakapodai nafasi. Na tazama hesabu hii: hata ukifika mawili, ukiyaendesha nusu nguvu kwa saa tisa, ni wati 120 mara tisa, uniti 32 na ushei kwa mwezi. Ndizo zile zile unazolipa sasa kwa tyubu mbili za saa kumi na mbili. Mama Pacha hatahama, wala samaki.

Hukuuliza kuhusu T5, zile tyubu nyembamba, lakini mtu atakuuzia. Mwanga wake ni sawasawa kama mvua ya asubuhi, hakuna taa inayotawanya vizuri kuliko hiyo. Ila usidhani utazichomeka kwenye kifuniko chako cha sasa: pini zake zimekaribiana zaidi, choki ni nyingine, na ya wati 54 ina milimita 1,149 wakati yako ni 1,200. Na tyubu za rangi ya matumbawe hubadilishwa kila baada ya miezi tisa hadi kumi na miwili. Kwa mfuko wako, ziache.

Hata kabla ya kununua chochote, Jumamosi moja itakupa mwanga ambao umeshaulipia. Toa kile kioo cha juu, kisugue kwa siki; chumvi na chokaa zilizoganda huzuia mwanga mwingi kuliko unavyodhani. Angalia ndani ya kifuniko. Kama mgongo wa tyubu ni plastiki nyeusi, mwanga unaoelekea juu unapotea wote. Kamukunji, pale wanapokunja masanduku na sufuria, mpe fundi bati la alumini linalong'aa akukunjie umbo la V la urefu wa tyubu. Ni kazi ya kusubiri ukiwa umesimama.

Sasa jambo lililoniumiza mwenyewe. Nilipofunga LED yangu ya kwanza niliizungusha hadi mwisho, kwa furaha tu, niwaonyeshe wageni. Baada ya siku tano uyoga wangu mwekundu ulikuwa rangi ya uji. Matumbawe yaliyozoea giza yakipigwa mwanga mkali, mwani wa ndani huzalisha sumu ya oksijeni, na tumbawe huamua kuufukuza mwani huo. Linabaki jeupe na njaa. Ni jambo la jamaa moja na lililotokea pwani yetu mwaka 1998, maji yalipopata joto la El Niño na miamba mingi ikageuka nyeupe na kufa. Kule kilichoanzisha ni joto, na mwanga ukazidisha. Kwa hiyo anza na buluu asilimia 25 na nyeupe kidogo kabisa, vipande viwe chini sakafuni. Ongeza asilimia tano kwa wiki. Ikifika wiki ya sita utakuwa karibu na nusu, na kwa matumbawe yako huenda usihitaji kupita hapo. Yakipauka, rudi nyuma. Yakiendelea kunyoosha shingo, ongeza. Ukianza kutumia mkaa wa kuchuja siku hizo hizo, fahamu kwamba unaondoa umanjano majini na mwanga unapenya zaidi; usifanye yote mawili wiki moja.

Programu za simu za kupima luksi hudanganywa na buluu, usiziamini kwa namba. Zitumie kulinganisha tu: taa ile ile, mahali pale pale, kabla na baada ya kusafisha kioo.

Punguza saa ziwe tisa. Mwani wa matumbawe ukishashiba hauli zaidi, na saa za ziada ni karamu ya mwani ule mwingine wa nywele. Nunua taima ya dijitali yenye betri ndogo ndani. Ile ya kuzunguka kwa meno husimama stima zikipotea, na mtaa wenu ukikatiwa saa tatu mara mbili kwa wiki, baada ya wiki mbili taa yako itakuwa inawaka usiku wa manane. Stima zikipotea usihangaike na taa. Matumbawe hukaa siku mbili tatu bila mwanga. Baharini mawingu hayaombi ruhusa. Kinachoua ni maji kusimama. Kama una UPS, iwe ya pampu ya mzunguko.

Nyaya zote zishuke chini kuliko soketi kabla ya kupanda kuingia kwenye plagi, zifanye tumbo, ili tone la maji ya chumvi likifuata waya lidondoke sakafuni badala ya kuingia kwenye eksitensheni. Na swichi inayokata umeme unapovuja, ya miliampia 30, ni pesa nzuri kuliko taa yenyewe. Pacha wako wana vidole.

Kitu kimoja ambacho mtu wa Mombasa hangekuambia, maana yeye hupigana na joto. Tyubu na choki zako za zamani zilikuwa zinapasha tangi bila wewe kujua. LED zitaacha kufanya hivyo, na Julai ya Nairobi usiku hushuka hadi nyuzi 11 au 12 nje. Tangi linataka 24 hadi 27. Jaribu hita yako Mei, si siku maji yameshapoa, na usishangae kipima wati kikionyesha kwamba sehemu ya ulichookoa kwenye taa imehamia kwenye hita miezi hiyo ya baridi.

Na ukitamani vipande vingine, chukua kwa wafugaji wenzako wanaokata na kugawana kama ulivyogawiwa. Matumbawe yote ya mawe yamo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na ndani ya hifadhi za baharini kama Malindi na Watamu, zilizolindwa tangu 1968, huruhusiwi kubeba hata kipande kilichokufa.

Halaidi ya rafiki yako iache. Lakini kama anauza pia fremu ya chuma ya kuitundikia, inunue. Boksi jeusi huja na nyaya za kuning'iniza tu, na kutoboa dari ya nyumba ya kupanga ni mazungumzo mengine na landlodi.